Kiambatisho

Nyamizi Kasele aliingia dukani kwangu, Kanyenye,
viatu mkononi, matope ya Isevya hadi kifundoni.
"Kuandika sijui. Kusema najua.
Mpelekee Mhoja sauti."

Nikamsogezea kipaza sauti.
Akakisalimu kwanza, kama mgeni.
Dakika nne: tumbaku, deni la mbolea, jino la bibi;
na kila akifika kwenye jina la mwanawe
ananyamaza, anameza mate, ndipo analitaja.

Faili likawa zito, na mtandao siku ile
ulikuwa unajikokota.
Nikachukua mkasi wa kompyuta
nikakata kimya chote.
Zikabaki dakika mbili na nusu, safi.
Nikajipongeza. Nikatuma. Nikamtoza mia tano.

Jibu likaja Jumanne:
"Kaka, asante. Ila huyu anayesema mbiombio
si mama.
Mama, kwenye jina langu, hukaa kwanza."

Bahati sikuwa nimefuta.
Nikavitoa vile vipande kapuni, nikaviunga:
sekunde tisini zisizo na neno,
kiti kikilia, kuku wa jirani,
honi ya treni ya Mpanda ikiaga stesheni,
pumzi.

Kichwa cha barua nikaandika: Mama, sehemu ya pili.
Taa ikapepesa.
Mstari wa kijani ukasogea, ukasogea,
ukagota kwenye tisini na tisa,
nami nikagota nao,
mate yangu mwenyewe sijayameza.