Kidude Chenye Joto

Asubuhi ya kwanza nililaumu kipupwe.
Kibaigwa mwezi wa saba upepo una meno,
hata jogoo huwika akiwa amejikunyata,
sembuse betri.
Nikazungusha ufunguo: tiki. Tiki. Kimya.
Magunia kumi ya alizeti mgongoni,
na kule mashineni wameshaanza kupima ya wenzangu.

Asubuhi ya pili nililaumu kutu.
Nikamwagia vichwa vya betri maji ya moto na magadi,
nikasugua kwa mswaki wa zamani mpaka risasi ikang'aa.
Tiki.

Ya tatu nililaumu duka.
Nikatoa laki mbili na themanini,
betri mpya, na karatasi yake ya dhamana.
Ikalala nzima, ikaamka maiti.

Basi ya nne nikamlaumu Lameki.

Nani mwingine hukesha uani na pikapu yangu?
Mlinzi ana redio, ana simu ya tochi
isiyoishiwa chaji hata siku moja.
Tena alijileta mwenyewe,
koti la mtumba kalifunga kwa kamba ya katani:
"Mama Yaledi, mle chini ya boneti
kuna kidude kina joto usiku kucha.
Baridi ikizidi, saa tisa, naweka viganja pale."
Nikacheka, kile kicheko cha mtu aliyepata ushahidi.
Injini imezimwa tangu magharibi. Joto litoke wapi
kama si wewe unayeiwasha?
Nikamkata elfu ishirini.
Hakubisha. Alifunga upya ile kamba ya koti.

Nyemo alikuja Jumamosi jioni kutoka Kongwa,
binti mwembamba, mita kaining'iniza shingoni.
Betri tumeichajisha kwa jirani,
pikapu haijasogea tangu jana.
Hakuuliza nani. Aliuliza saa ngapi.
Akainua boneti, akauacha mlango wazi,
akalibana komeo lake kwa bisibisi, klak:
"Tulidanganye gari, lidhani tumeondoka."
Akang'oa waya wa hasi, akaipachika mita katikati,
kikombe chini ya bomba linalovuja.
Tukangoja. Malori ya Singida yakapita yakishusha gia.
Tatu nukta mbili, ikasema mita.
"Gari lililolala," akasema Nyemo, "halihemi hivi."

Fyuzi ya redio: tatu nukta mbili.
Ya honi. Ya taa za ndani.
Ile ya kiberiti cha sigara, pa kuchajia simu,
niliyoiwekea matumaini yangu yote
maana ndiyo ingemfunga Lameki:
tatu nukta mbili.
Alizimwaga kwenye kanga yangu,
nyekundu, buluu, njano,
zote hazina hatia.

Kisha akainamia altaneta,
akalegeza nati ya ule waya mnene,
na namba ikaporomoka. Sifuri nukta sifuri mbili.

"Hiki hapa. Ndani yake mna vijilango
vya kupitisha umeme upande mmoja tu.
Kimoja kimekatika bawaba.
Mchana kinaijaza betri, usiku kinarudi kuchota.
Gusa."

Nikagusa.
Vuguvugu, kama ubavu wa mbuzi.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako.
Mimi nilimvua mwenzangu nguo
kutafuta chawa wangu.

Saa nne usiku nilimpelekea Lameki noti mbili za elfu kumi
na chupa ya chai ya tangawizi.
Maneno nilikuwa nimeyapanga. Ua wenyewe hatua ishirini,
yaliniishia kwenye ya saba.
Akazipokea noti, akazihesabu, ingawa ni mbili.
Kisha akaenda kwenye pikapu, akainua boneti,
akapeleka mkono gizani, pale alipopazoea.

"Kimepoa," akasema.
Akajivutia koti.
"Sasa mimi, mama, saa tisa nitaota wapi?"