Bangili

Jumatatu ndiyo Jumapili yangu.
Mama amekaa kwangu siku sita, chumba kimoja, feni moja,
tangu wamtoe mtoto wa jicho pale hospitali ya umma.
Jana wamemfungua bendeji.
Kitu cha kwanza alichokiona ni uso wangu.
"Umekonda," akasema, "na ukuta wako unataka chokaa."
Cha pili, akasema, iwe bahari.

Miaka kumi na mmoja namwambia: Cancún, mama, karibu na maji.
Sijawahi kumwambia ukaribu wenyewe:
kwamba nayaona kwenye kioo cha chumba 4117
kwa muda wa kuvisha foronya mbili,
na ya tatu naivisha nikiyapa kisogo.

Basi tukaenda, yeye na viatu vya harusi ya dada yangu
(bahari haiendewi na ndara, anasema),
mimi na kuku wa kuchoma ndani ya kitambaa.
Kati ya hoteli na hoteli upo uchochoro,
upana wake kitanda kimoja; siku hizi napima kila kitu kwa vitanda.
Sheria inasema mchanga ni wa watu wote.
Haisemi watu wote wapitie wapi.

Mwisho wa uchochoro, Wilberth wa Espita, redio begani.
Ananijua; tumekula maharage meza moja,
tumeulaani mshahara mmoja.
Lakini kamera iko juu ya kofia yake,
naye akauliza kama anavyowauliza wageni:
"Bangili?"

Ya njano ni ya kulala na kula.
Ya buluu, ya kunywa hadi usiku wa manane.
Mama hajui rangi hizo. Akanyoosha mkono
wenye bangili nyeupe ya hospitali:
FIDENCIA CANCHÉ POOT, MIAKA 71, JICHO LA KUSHOTO.
Wilberth akaisoma yote, polepole,
kama mtu anayekagua noti kubwa.
"Daraja hili silijui," akasema,
"litakuwa la juu. Piteni."

Haikuwa buluu.
Mwani uliingia usiku, wa kahawia, kimo cha goti,
trekta imekufa, na vijana sita wenye reki
wanavuta, na wimbi linarudisha walichovuta.
Nikaanza kuomba radhi, kama ninavyoomba kwa bafu lililoziba.

Mama akainama, akachota konzi, akanusa, akalamba.
"Mayai viza," akasema. "Na chumvi.
Ukinyeshewa mvua mbili, mahindi yataula huu."
Kisha akanyanyua kichwa,
akaangalia kule nyuma, mwani unakokoma.
Akafumba jicho jipya, akatazama kwa la zamani.
Akabadilisha.
Mara nne, mara tano.
Sikumuuliza kitu.

Bibi wa 4117 akapita na kofia yake ya ukili.
Najua anameza vidonge vingapi, analalia ubavu gani,
najua picha anayoilaza kifudifudi kabla ya kuzima taa.
Bila sare hakunijua.
Aliutazama mwani, akatikisa kichwa, akatuambia kwa mikono:
poleni, mmekuja wiki mbaya.
Tukamkubalia, sisi wageni wenzake.
Mama akampa paja la kuku.
Akalila amesimama, mafuta yakimchuruzika
hadi kwenye bangili ya buluu.

Jioni, kituoni, nilitoa mkasi wangu wa vifungo
nimkate ile plastiki, asije akaonekana mgonjwa njiani.
Mama akaficha mkono nyuma.
"Iache," akasema. "Haijaandikwa inaisha lini."
Akapanda, akachagua dirisha,
na kile kitambaa cha kuku, kimejaa mwani hadi fundo,
kikaanza kudondosha bahari
kwenye kiti cha basi la Tizimín.