Bawa la Kulia

Sanduku lilikuwa juu ya kabati la mamangu,
chini ya mikeka miwili na pazia la arusi ya watu,
likinuka kafuri.
Mchwa walikula mlango, wakala fremu ya dirisha,
hili hawakuligusa. Kwa wepesi wake
labda walidhani ni tupu.

Ndege iliyochorwa juu ilikuwa nyekundu;
imepauka, imekuwa rangi ya tambuu iliyotemwa jana.
Bei kwa kalamu ya risasi: mia na arubaini,
dukani kwa Taherali, mwaka wa sabini na tano.
Nusu ya mshahara wa nduyangu, na deni juu.

Msellem alikuwa zimamoto, uwanja wa ndege, Port Reitz.
Kazi yake kungoja moto ambao, alhamdulillahi, haukuja,
na kutazama zinavyopaa.
Akaunda bawa la kushoto, akalimaliza.
Ndipo ikaja barua ya kazi kutoka Maskati.
"Usiguse," akaniambia. "Narudi nimalize."
Nilikuwa na miaka tisa. Sikugusa.
Nimekaa bila kugusa miaka arubaini na minane.

Alirudi mara tatu, wiki mbili mbili, na mablanketi.
Mwaka jana limerudi jina tu, kwa simu,
saa ya alasiri, nikiwa na randa mkononi.

Sasa meza ya kulia nimeitandika mchoro,
nimeukaza kwa pini za Bi Khola, fundi cherehani
(kaniazima sitini, kazihesabu mbele yangu).
Mkono wangu umefunzwa na mvule, na mkangazi,
makabati ya kubebwa na wanaume wanne.
Balsa si mti, ni fununu ya mti:
wembe ukipita hausikii,
ukiipumulia inasogea.
Mbavu kumi na moja. Usiku wa kwanza nilivunja tatu
kwa kuzishika tu.
Nikazichonga upya kwa subira
ambayo wateja wangu wa Majengo hawajapata kuiona.

Tena ni Mei, masika, gundi haikauki,
na feni huwezi kuwasha:
mbavu zitaruka kabla hazijawa bawa.
Tukatoka jasho pamoja, mimi na vijiti.

"Mtu mzima na tiara!" Bi Khola, mlangoni.
"Haya, itabeba nini?"
"Betri."
Akacheka mpaka akakaa.

Karatasi niliivisha juu ya mifupa ile,
nikaipulizia maji kwa mdomo kama dobi na kanzu.
Ikalegea, ikakunjamana, sikulala.
Asubuhi ilikuwa imekazana;
ukiigonga kwa ukucha, yaitika kama chapuo.

Nikaipima kwa vidole viwili: ikaanguka upande wangu.
Gundi nyingi. Woga wa fundi wa mvule.
Lake jepesi, kila kiungo kimekaa
kama mtu aliyejua atakaguliwa.
Nikatafuta kwenye kopo la misumari senti kumi ya zamani,
ile yenye tundu, mafundi tuliifanya washa,
nikaibandika ncha ya bawa lake.
Nisamehe, nduyangu. Makosa ni yangu,
mzigo nimekutwika wewe.

Jumapili, uwanja wa shule, kabla ya wenye mpira.
Faraj, kijana wa gorofa ya chini, alikimbia nayo, akaiachia.
Nilibonyeza, nikasahau nimebonyeza nini.
Ikapanda.
Ikapita paa la darasa, ikapita minazi,
jua likaingia ndani ya karatasi, nikaziona mbavu zote,
zake na zangu, sikuweza kuzitenga.
Kisha ikaanza kukata kushoto. Nairudisha, inakata tena,
kushoto, kule ziliko ndege kubwa,
hadi ikashuka vibaya kwenye majani, ubavuni.

Zimevunjika mbili. Za kulia.
Hizo najua kuzitengeneza.

Bi Khola nimemrudishia pini hamsini na nane.
Ananidai mbili, kila siku ananikumbusha.
Ziko ndani ya bawa, sijui ni wapi.
Zimesharuka.