Hamsini kwa Sitini

Rekoda ilisafiri mapajani mwangu
tangu Tanga hadi Syracuse, kilo kumi na moja.
Afisa wa forodha aliigonga kwa kalamu:
hii ni cherehani?
Nikamjibu, hapana, ni baba.

Soketi za hapa zina macho membamba,
volti mia na ishirini,
umeme mwepesi kama uji wa mgonjwa.
Rekoda imezoea mia mbili na thelathini,
na siku ambazo Tanga ilikasirika
ilikunywa hata mia mbili na sitini, ikanyamaza.
Nikanunua transfoma, jiwe la chuma la dola tisini,
linalonguruma chini ya meza kama paka aliyeshiba.
Taa nyekundu ikawaka.
Nikasema bismillahi, nikabonyeza,

na baba akatoka mbio.

Athumani Shemdoe, karani wa mizani shambani kwa mkonge,
mtu ambaye akikwambia karibu
ulivua viatu vyote viwili kabla neno halijaisha,
sasa anasoma orodha ya wadeni wake
kama mnadi wa mitumba aliyeona wingu.
SalimuMbelwashilingiarobaini.
Sauti nyembamba, ya kijana wa miaka ishirini,
kijana ambaye bado hajanizaa.
Tausi, binti yangu, alicheka mpaka akakaa chini:
"Babu anaongea kama watu wa hapa!"

Nilimbeba kwenye theluji hadi kwa Bwana Wojtanik,
fundi wa mitambo, mstaafu, mwenye masikio mabovu.
Hakugusa waya. Alitazama saa yake, akahesabu.
Volti, alisema, ni nguvu ya kusukuma; hiyo umeipata.
Lakini umeme una mapigo pia.
Wa kwenu hupiga hamsini kwa sekunde, wetu sitini,
na mota hii ni mtiifu,
hucheza ngoma inayopigwa pale ilipo.
Transfoma haigusi mapigo.

Sikusema kitu.
Miaka kumi na minne niko hapa.
Nakula nimesimama.
Simu ya mama naijibu haya, haya, nitakupigia.

Akapima kapi la mota, akakereza jingine la shaba,
jembamba kwa sehemu moja ya sita.
Alitaka dola thelathini na tano na sambusa sita;
alizionja mwaka juzi msibani kwa jirani.
Kapi lenyewe dogo, linapotea kiganjani.

Jumapili usiku baba akarudi kwenye mwendo wake.
Salimu Mbelwa.
Shilingi arobaini.
Kikohozi. Kiti kinalia.
Amesamehewa.

Neno hilo lilikuwamo tangu mwanzo.
Kwa mbio zile lilinipita
kama kituo cha basi dirishani.
Hamza Kilua, debe mbili za mahindi. Amesamehewa.
Mama Sikujua, baiskeli, gurudumu la mbele. Amesamehewa.
Tausi ameacha kucheka, ameegemea transfoma,
anasema ina joto.

Kwenye jina la tisa sauti inapaa ghafla,
inakonda, inakuwa ya mtoto, ya ndege,
inakatika.

Tausi akainua macho kwenye taa ya dari.
Inawaka.
Ya jirani inawaka. Mtaa mzima unawaka,
theluji yote imepata rangi ya machungwa.

Tukangoja.

Kisha sauti ikashuka kutoka huko juu ilikokuwa,
taratibu, mpaka ikamfikia mwenyewe.
"Umerudi," baba akasema.
"Haya. Tulikuwa wapi?"