Mkalimani wa Siku Mbili

Walinichukua Binyiny, saa moja asubuhi,
kwa kuwa nina Kiingereza cha shule na lugha ya nyumbani,
na Bwana Ssekitoleko wa Kampala
hana hata neno moja la huku juu.
Malipo: elfu thelathini kwa siku, chai juu yao.
Kazi: kuwauliza Wabenet
kama huduma ya akili waliyoletewa na serikali
imewafaa.

Sharti lilisomwa ndani ya gari:
mkalimani asiwe ndugu wa mgonjwa.
Nikaitika. Gari lilikuwa linapanda,
na kule kwetu nani si ndugu?

Fomu ina kurasa kumi na moja.
Katika wiki mbili zilizopita,
ni mara ngapi umekosa matumaini?
Sifuri ni hapana. Tatu ni karibu kila siku.
Neno hilo nililigeuza mdomoni kama kiazi cha moto,
mwishowe nikamuuliza mzee Mangusho
kama moyo wake una mahali pa kukaa.
Akacheka. Akaonyesha kwa kidevu
jiwe la mpaka lililopakwa rangi,
na ng'ambo yake msitu alikozaliwa,
ambako leo akiokota kuni ni mwizi.
"Mwambie wiki mbili ni chache.
Walipoichoma nyumba yangu ya kwanza
huyu hapa alikuwa tumboni."
Huyu hapa ana ndevu.
"Anasemaje?" bwana akauliza.
Nikasema: tatu.

Chelimo, aliyewahi kufungwa kamba na shemeji zake,
alisema vidonge viliisha mwezi wa tatu,
ila Sista Yeko hupanda kila Alhamisi,
pikipiki ikikosa petroli huja kwa miguu,
hukaa pale kwenye gogo, hasemi,
humenya naye viazi mpaka kichwa kitulie.
"Andika hiyo," akasema. "Hiyo ndiyo dawa."
Bwana alitafuta kisanduku cha kuketi kimya.
Hakukiona. Akaandika pembeni, kwa penseli,
kwa huruma, naamini,
ijapokuwa niliambiwa baadaye
ya pembeni hayaingizwi kwenye kompyuta.

Haraka yote ilitokana na Juni.
Mwaka wa fedha hufa tarehe thelathini
na pesa isiyoelezwa hurudi Kampala bila kuaga.
Mafuta ya gari letu, niliyaona kwenye karatasi,
yangempandisha Sista Yeko hadi Krismasi.

Nyumba ya kumi na nne ilikuwa yetu.

Mama alinitazama mara moja, akaelewa.
Akapangusa kiti, akampa bwana maziwa.
Unalala vizuri? Nalala.
Unasikia visivyokuwepo? Sisikii.
Umekosa matumaini? Hapana, mwanangu,
na hilo "mwanangu" sikulitafsiri.
Sifuri. Sifuri. Sifuri.
Bwana alifurahi. Huyu amepona, akasema,
huyu ndiye wa kuwekwa kwenye ripoti.

Mimi ndiye ninayelala nyuma ya ukuta ule wa udongo.
Saa tisa usiku nasikia komeo,
halafu miguu yake, halafu sauti ya chini
ikiwaita kwa majina ndama wanane
waliochukuliwa nikiwa darasa la pili.
Huwaita wote. Husubiri. Hufunga mlango.

Nilitia sahihi: elfu sitini, jina, tarehe.
Chini palikuwa na nafasi, Maoni ya Mkalimani,
mstari mmoja, mfupi.
Niliandika: barabara ni mbaya wakati wa mvua.