Kadi Zilizofuliwa

Kadi arubaini na mbili nilizisahau
mfukoni mwa aproni, na aproni nikaitosa
ndani ya mashine namba sita, pamoja na shuka za wodi ya juu.
Saa nane za usiku, Toledo, jimbo la Ohio.
Theluji imeziba dirisha la chini,
na kesho jioni Bwana Ogletree anatutahini.

Nilipoufungua mlango, mvuke ukanipiga kofi.
Nikaziona: zimegandana kama mkate uliolowa,
wino wa buluu umehamia kwenye foronya za wagonjwa.
Delphine, nikajiambia, miaka kumi na tisa unafua
na dafu bado hulifui.

Nikazibandua mojamoja, nikazianika
juu ya meza ya pasi.
Ya kwanza imebaki na "halisi", mwanzo na mwisho vimekwenda na povu.
Uhalisia: kuyasema maisha bila kuyapaka poda.
Ndiyo siku niliyonyoosha kidole nikauliza,
mbona vitabuni humo watu wanakula, wanaoana, wanafilisika,
na vitambaa vyao vya meza ni vyeupe daima,
nani kavifua?
Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka.
Aliliandika swali langu ubaoni, akalizungushia duara,
na duara hilo nimelala nalo wiki nzima.

Ulimbwende, na ile misitu yake na radi na mioyo mikubwa kuliko milima,
haukubakiza hata herufi.
Sikuhuzunika sana.

Uasilia ulisomeka nusu: "mtu ni jani, mto haumwulizi..."
Hapo nilipanga kumwandika kaka yangu Casimir,
aliyesimama mbele ya tanuri la chupa hadi tanuri likazimwa,
naye akazimika polepole, chupa kwa chupa,
nyingine labda zilipita mikononi mwake zikiwa bado nyekundu.
Lakini mtihani hautaki kaka. Unataka karne.

Usasa umechanika vipande vitatu,
kila kimoja kinatazama upande wake.
Nikacheka peke yangu: huu umejieleza.

Na Mwamko wa Harlem? Huo sikuuandikia kadi.
Bwana Ogletree hakututajia tarehe. Alifungua boksi la duara,
akatoa kofia ya kijani ya bibi yake,
binti wa mashamba ya pamba aliyeshuka kwenye treni na sanduku moja,
akainunua kwa mshahara wa wiki mbili
ili akiingia ukumbini kusikiliza watu weusi wakisoma mashairi yao
asidhaniwe ametumwa kufagia.
Kofia ikapita mkono kwa mkono. Hakuna aliyeandika chochote.

Mkondo wa fikra
mashine inazunguka na shuka ya mzee wa chumba cha kumi na mbili
aliyefariki jana inazunguka na mama alikuwa akiitemea pasi mate
kusikia kama imepata moto na pasi ndiyo ninayoitafuta kesho
pasi ya mtihani si ya chuma na Ruby anaita mzigo mwingine
mzigo mwingine

nikaupandisha kwenye mizani: kilo thelathini.
Shairi huru: lile lisilo na mizani.
Hilo sitalisahau. Mimi kila changu kimepimwa.

Kadi moja tu ilitoka salama, neno kwa neno,
kwa kuwa niliiandika kwa penseli, kalamu ilipokwisha.
Msimulizi asiyeaminika: anayekupa kisa
huku kidole gumba kimefunika tundu.
Baba alikuwa hivyo. Alikwenda Cleveland kununua betri ya gari,
mwaka nilipong'oka jino la mbele.

Alfajiri nimehesabu foronya kumi na moja zenye madoa.
Juu ya moja, kinyumenyume, panasomeka: kinaya.
Nikaikunja, nikaiweka chini kabisa ya rundo.
Msimamizi akiuliza, nitamwambia
nilizikuta hivyohivyo.