Sayansi ya Zaidi ya Miaka Saba

Fomu inasema: sayansi ya zaidi ya miaka saba
haihesabiwi.
Basi biolojia yangu imechacha
kama maziwa yaliyosahauliwa nyuma ya friji.
Chura niliyempasua na Corinne Ouellette,
tukicheka, harufu ya dawa viganjani hadi Jumapili,
chura yule amekufa mara ya pili.

Nina miaka arobaini na minne.
Saa tano kasorobo usiku; maombi yanafungwa saa sita.
Nje theluji imeuinamisha msonobari hadi matawi yanagusa ngazi,
na bomba la kiwanda cha karatasi
limesimama pale pale bila moshi, mwaka wa tatu sasa.
Miaka kumi na tisa nilikuwa mashine namba nne.
Nilijua kwa sikio tu karatasi inapotaka kukatika:
sauti hupanda, hukonda,
kama mtoto anayezuia kilio.
Hakuna kisanduku cha kujaza ujuzi huo.

Kuna kisanduku cha tetekuwanga.
Thibitisha.
Nikaiendea Biblia ya mama. Nyuma ya Ufunuo,
mwandiko wake uliolala upande:
"Jolene, tetekuwanga, Machi. Amejikuna hadi damu.
Nimemvisha soksi mikononi."
Mwaka hakuandika.
Nikapiga simu chuoni. Binti wa ofisini, mpole kweli,
akasema Biblia haipokelewi, kapime damu.
Dola tisini na mbili.
Mwili unakumbuka, ila mwili nao
unadaiwa risiti.

Nafasi thelathini na mbili.
Mwaka jana waombaji walipita mia mbili.
Wanapanga kwa alama: hisabati hizi, kusoma hizi,
na mwenye cheti cha msaidizi wa wagonjwa
huongezewa mbili.
Ninacho. Nakilia jasho kila usiku nyumba ya wazee, mtaa wa Spruce,
nikiwageuza watu kila baada ya saa mbili wasichubuke,
Bwana Levesque akiniita kwa jina la marehemu mkewe
nami nikiitika,
maana saa tisa usiku si saa ya kumsahihisha mtu.
Alama mbili.

Swali la mwisho: Kwa nini unataka kuwa muuguzi?
Maneno yasizidi mia mbili.

Niliandika: Tangu utotoni nilitamani kuwasaidia watu.
Nikafuta. Uongo mtupu.
Utotoni nilitamani kuendesha lori la kusukuma theluji.
Niliandika: Baada ya kiwanda kufungwa.
Nikafuta. Ni kweli, lakini inanuka njaa.
Nikachemsha maji ya chai, nikayasahau,
yakachemka hadi yakaisha.

Kisha nikamkumbuka muuguzi mmoja wa zamu,
usiku ule baba anapumua kwa mafungu.
Jina lake sikulishika. Alikuwa na mafua,
kamba ya kiatu kimoja imelegea.
Kabla ya kumwekea baba kipimo kifuani
alikipasha kwanza kiganjani.
Baba alikuwa hana fahamu siku ya pili hiyo,
asingejua baridi wala joto.
Alikipasha hivyo hivyo,
akahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza,
ndipo akakiweka.

Nikaandika hilo, basi. Maneno sitini na moja.
Fomu inaniambia nimebakiwa na mia moja thelathini na tisa.
Sina.

Saa sita kasoro dakika tatu nikabonyeza.
Kompyuta ikafikiri, ikafikiri, ikajibu:
Maombi yamepokelewa. Tafadhali usijibu ujumbe huu.
Nikajibu. Nikaandika: Asante.
Kisha nikavaa buti, nikatoka kukwangua kioo cha gari.
Zamu inaanza saa saba,
na Bwana Levesque halali mpaka alazwe
ubavu wa kushoto.